Ubao Mweupe wa Kwaresima

Mimi niliacha masomo mwaka wa tatu wa primaire, na leo hapa Bukavu hakuna ndoa ya maana inayopita bila mimi. Viti ni vyangu, sono ya kupigia muziki ni yangu, na ile groupe kubwa, mashine inayotoa umeme wakati courant imekatika, nayo ni yangu. Nilianza kwa kubeba viti vya watu wengine juu ya kichwa. Sikuwa na tonton, mjomba mwenye cheo, wa kunisukuma. Nasema haya ili mujue kwa nini siku ile sikukubali kusikia mutu.

Binti yangu wa mwisho alikuwa mwaka wa sita, mwaka wa examen inayofungua mulango wa secondaire. Kaka zake wawili walikuwa wameangukia pale pale. Huyu nilitaka apite, hata kwa nguvu.

Nikanunua projekta na ordinateur, yaani kompyuta, nikavaa suti, nikavipeleka shuleni kwake, Nyalukemba. Mwalimu wake alikuwa maman muzee, mwembamba, mwenye sauti iliyochoka. Ubao wa darasa ulikuwa mweusi kama sufuria. Kila likizo yeye na watoto waliupaka upya: wanaponda makaa yaliyo ndani ya pile za redio zilizokufa, wanachanganya na matembele, wanasugua mpaka mikono inauma. Niliposikia hivyo nilicheka.

"Maman, hayo ni mambo ya wazee. Tupake ubao rangi nyeupe, picha ionekane vizuri."

"Na siku courant haiko, papa?"

"Unasema na mwenye groupe, Maman!"

"Hiyo groupe yako inaamkaka saa kumi na moja kama mimi?"

Watoto wakacheka. Mimi nikacheka kupita wote. Jumamosi nikaleta fundi na rangi ya mafuta, ile ya bei. Ubao ukang'aa kama sahani.

Ilikuwa mwanzo wa Kwaresima. Sisi Wakatoliki hatuoi wakati wa Kwaresima, kwa hiyo groupe yangu ilikuwa imelala. Transfo inayoleta umeme kwenye quartier ilipoungua wiki ya pili, sikushtuka. Nikaipeleka groupe shuleni, ikanguruma nyuma ya darasa kila asubuhi.

Na nisidanganye, zile wiki zilikuwa nzuri. Maman aliwaonyesha watoto moyo wa mutu unavyopiga. Binti yangu, ambaye darasani hakuwa anafungua kinywa, akainua mukono: "Damu ikishatoka kwenye moyo, inajuaje njia ya kurudi?" Swali lile nililitembeza soko lote la Kadutu. Nilimwambia hata muuza samaki.

Pasaka ikafika. Watu wakaanza kuoa kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Kamanyola wananiita, Bunyakiri wananiita, na katikati kuna matanga. Groupe ilikuwa moja. Transfo bado. Kila mara Maman akipiga simu, nilijibu: "Kesho, Maman."

Nilipoenda mwenyewe, wiki nyingi zilikuwa zimepita. Chaki haishiki kwenye rangi ya mafuta, inateleza tu. Nilimukuta ameng'oa mulango wa darasa, ameupaka masizi, ameusimamisha juu ya benchi. Watoto walikuwa wanakuja mbele kumi kumi, wanachuchumaa, wanakopi fractions za hesabu, wanarudi. Mvua ilikuwa inaingia pale mulango ulipotoka.

"Maman, kesho..."

"Usitamke hilo neno humu, papa. Watoto watalikopi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Ningeweza kuukwangua ubao siku ile ile. Sikufanya. Nilikuwa nimewaonyesha watu wengi sana ubao ule.

Binti yangu alianguka ile examen. Darasa karibu lote lilianguka, na wengi kwenye hesabu. Nilitaka kumukaripia, nikamuuliza fractions zilimushinda nini. Akajibu bila hasira:

"Papa, mimi nilikuwa kundi la mwisho. Zamu yetu ikifika, Maman alikuwa ameshafuta, mulango ni mudogo."

Mimi ambaye nazungumuza mbele ya watu mia tano na micro mukononi, nilitoka nikaenda kununua msasa.

Likizo nikaenda na kikwanguo na msasa. Siku tatu, peke yangu. Wafanyakazi wangu sikuwaita. Rangi ya bei haitoki haraka. Siku ya nne Maman akaja na kikapu cha matembele, akasimama nyuma yangu.

"Ongeza majani, papa. Ukibakisha makaa matupu, itabanduka."

Ni hayo tu aliyosema. Projekta iko kwenye kabati ya directeur, imefungwa ndani ya kitambaa.

Ubao ule sasa ni mweusi kupita wote wa Nyalukemba, nendeni muangalie. Binti yangu atarudilia mwaka wa sita mbele ya ubao huo. Siku ile ya nne alikuja kunisaidia, akakaa chini, akaponda pile kwa jiwe mpaka jioni, vidole vyeusi. Nilingoja aulize kitu, chochote. Hakuuliza.