Fundi wa Lanham na Pikapu ya Bodi Fupi

Fundi yule wa gereji mjini Lanham hakujua kutulia. Adela alitaka afungiwe kiungio cha kuvutia trela kwenye bodi ya mizigo ya pikapu, afunge safari siku hiyohiyo, kwani Jumatatu alitakiwa kuanza kazi Ohio, lakini fundi aliizunguka pikapu yake mara ya nne, akipima, akiguna, akijifuta mikono isiyo na grisi.

"Hiki usichukue, dada. Bodi yako fupi. Chukua kile kinachosogea nyuma ukikata kona."

"Si umesema hicho kitafika Jumanne? Nitakata kona taratibu."

Fundi hakubishana. Alipanda kwenye bodi, akasimama pale ambapo kiungio kingefungwa, akainama mbele hadi paji la uso likagusa kioo cha nyuma cha kebini.

"Kona moja kali, pua ya trela inafika hapa," alisema, sauti imeshuka. "Nyuma ya kioo hiki anakaa nani?"

"Mama yangu."

Fundi alibaki ameinama, kiganja juu ya kioo, macho kwenye kiti kitupu.

"Ilikutokea?" Adela aliuliza.

Fundi alikifuta kioo taratibu kwa mkono wa shati. Adela akatoa simu, akampigia bosi wake mpya kumwambia atachelewa.