Mtu Asiyeishi bila Makali

Mtaani kulikuwa na wawili waliosifika kwa ukali: mbwa wa mwenye duka la saruji, na Fundi Makali. Mbwa alistahili sifa yake.

Fundi Makali alikuwa mnoa visu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole kiasi kwamba akijikwaa kwenye kiti alikiomba radhi kiti. Kazi yake aliibeba juu ya baiskeli: jiwe la kunolea limefungwa mbele ya usukani, mkanda umeshuka hadi kwenye gurudumu, na yeye anakanyaga pedali bila kwenda popote huku cheche zikimrukia mikononi. Wachinjaji walimtegemea, vinyozi walimtegemea, na mke wake, aliyekuwa fundi cherehani, alinolewa mikasi yake bure tangu kabla ya ndoa, ambayo ndiyo posa pekee fundi aliyowahi kuweza kuitoa bila kigugumizi.

Jina la Makali hakulipata kwenye jiwe. Alilipata mezani, na alilipata kwa makosa.

Katika barabara ya nyuma, kati ya duka la vioo na kwa fundi viatu, kuna hoteli ya Kihindi yenye meza chache na feni moja inayozunguka kwa hiari yake. Mwenyewe anaitwa Tajiri, kwa sababu ndiye mwenye mali, ingawa ukiitazama mali utaona jina limempendelea. Alizaliwa ghorofani juu ya jiko hilohilo. Wali, mchuzi, dengu, mkate wa tanuri na achari huja kwa bei moja, na wali na dengu huongezwa mpaka mteja mwenyewe anyooshe mkono kuomba amani. Tajiri anaamini kwamba mtu akitoka kwake na mkanda bado unafungika, huyo amedhulumiwa. Jikoni yuko Dada Mkubwa, mwanamke mnene wa maneno machache, anayeitazama dunia kupitia dirisha dogo la kupitishia sahani na hajaona sababu ya kuitazama kupitia kwingine.

Siku ile ya kwanza fundi alikuwa amemaliza kunoa visu vya jiko zima. Dada Mkubwa alijaribu kimoja kwenye kitunguu, kitunguu kikagawanyika kabla hakijapata habari. "Mpe huyu mtu chakula," akasema. Fundi akakaribishwa meza ya dirishani. Alikaa, lakini mawazo yake bado yalikuwa kwenye lile panga la kukatia nyama, alilolitia ukingo ambao hata yeye mwenyewe aliuonea fahari. Ndipo Tajiri akaja, akipangusa mikono.

"Haya fundi, makali unataka kiasi gani?"

Fundi akajibu kama anavyojibu mtu aliyeulizwa kazi yake. "Ah, Tajiri, kwenye makali mimi sina utani. Makali yakae mpaka mwisho. Mimi bila makali siishi!"

Kila neno lilikuwa la kweli. Tajiri akaligeukia dirisha la jiko.

"Dada! Huyu bwana hana utani!"

Kilicholetwa kilikuwa mchuzi wa mbuzi mwekundu kama taa ya breki. Fundi alitia kijiko cha kwanza mdomoni na hapohapo akaelewa kwamba amenoa, kwa maana zote mbili za neno hilo. Masikio yalizibuka. Nywele zilitoka jasho. Angeweza kusema, lakini Dada Mkubwa alikuwa ameegemea dirisha lake, amemkazia macho, na meza za jirani zilikuwa zimenyamaza kwa heshima. Kwa hiyo akala. Machozi yalimtoka, Tajiri akayatafsiri kuwa ni furaha. Mwisho akaulizwa, "Vipi, fundi?" na kwa kuwa koo lilikuwa limefunga ofisi, aliinua kidole gumba. Tajiri akampiga picha.

Wiki iliyofuata picha ilikuwa ukutani, juu ya jokofu la soda, na chini yake maandishi: MTEJA WETU ASIYEISHI BILA MAKALI.

Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashiani. Hawakuacha ushauri wowote kwa mtu anayeila bila kuitaka.

Na hapo ndipo utukufu ulipomwingia. Wanaume waliokuwa wakimpita kama nguzo ya umeme sasa walisimama kumwamkia. "Makali! Leo umekula nini, moto au petroli?" Wachinjaji wapya wakaleta visu, wakiamini kwamba mtu anayekula vile hawezi kunoa ovyo. Maisha yake yote alikuwa akitoa ukali kwa ajili ya vyuma vya watu; hii ilikuwa mara ya kwanza watu kudhani ametunza kidogo kwa ajili yake.

Basi kila Alhamisi, akirudisha visu, alikaa dirishani na kuungua. Alibuni mbinu. Kulikuwa na glasi ya maziwa ya mgando, aliyoiita ya kuteremshia. Kulikuwa na kutoka nje mara kwa mara kwenda kuangalia baiskeli, ambayo ilikuja kuwa baiskeli iliyoangaliwa kuliko zote mtaani. Na wakati akipumua huko nje, jicho lake lilivuka kioo na kutua kwenye sahani moja iliyokuwa ikipelekwa meza za wenye watoto: kuku mweupe, wa tui zito na korosho, asiye na pilipili hata ya kusingiziwa. Kwenye ubao aliandikwa Sahani ya Mtoto. Fundi alimpenda kuku yule kwa mbali, kimyakimya, kwa miaka.

Nyumbani hakusema kitu, kwa sababu nyumbani palikuwa na historia. Wiki ya kwanza ya ndoa, mke wake alipika mboga kama alivyolelewa kupika, na fundi akashikwa na kwikwi mpaka jirani akaja na maji. Mke hakunung'unika. Dirishani alikuwa na mche wa pilipili, ameupanda kwenye kopo la rangi. Kesho yake kopo likahamia kwa jirani. Tangu siku hiyo chakula cha nyumba ile kingeweza kupelekwa hospitali bila kuulizwa maswali, na mke, Mama Watoto, alikila pamoja na mumewe, na hakulitaja kopo tena.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Siri hii aliijua fundi viatu, na fundi viatu hakuumbwa kuwa kata. Alikwenda kwa mama kuchukua suruali yake.

"Shemeji, hongera. Una mwanaume."

"Mwanaume gani?"

"Wako! Makali! Sahani nyekundu, anaila huku analia kwa utamu. Si yuko ukutani pale kwa Tajiri, kapigwa picha?"

Jioni ile mama aliandaa meza kwa utaratibu wa kutisha.

"Baba Watoto, chumvi imekolea?"

"Imekolea, Mama Watoto."

"Na makali je?"

Maji yalimpalia fundi. Mama alisubiri yapite, kwa huruma ya hakimu.

"Nani anapika huko?"

"Dada yake Tajiri."

"Mzuri?"

Fundi alifikiri kwa haraka, jambo ambalo hakuwa na mazoezi nalo. "Ana visu vizuri."

"Kopo langu la pilipili," mama akasema taratibu, "nililitoa dirishani kwa ajili ya tumbo la nani? Miaka yote hii nakula uji wa mgonjwa, kumbe mgonjwa ana kwao anakokula moto? Mwanaume hafuati mchuzi peke yake."

"Nitakueleza..."

"Usinieleze. Alhamisi nakuja kujionea."

Mpaka Alhamisi alipika viazi vya kuchemsha, akaacha hata chumvi, na akivipakua alisema, "Karibu, Bwana Makali." Fundi alivila. Alipiga hesabu zake akiwa juu ya baiskeli isiyokwenda. Akiila ile sahani mbele ya mke wake, atakuwa amethibitisha kwamba mwanamke yule alijinyima ujana mzima bure. Asipoila, mtaa mzima utajua kwamba yule wa ukutani ni mtu mwingine. Heshima ipo upande mmoja, mke yupo upande wa pili, na kisu kinachokata pande zote mbili ndicho kigumu kuliko vyote kukishika.

Alhamisi mama alivaa gauni lake la harusi za watu. Mikasi ilikuwa mkobani, kwa ajili ya kunolewa, alisema, na fundi aliamua kumwamini.

"Shemeji!" Tajiri akapiga makofi. "Ndiye wewe? Unaishije na moto huu nyumbani?"

"Nyumbani haujawahi kuwaka."

Tajiri alicheka, akidhani ni mzaha. "Dada! Makali kaja na mama leo! Toa ile ya heshima!"

Sahani ikaja, nyekundu kuliko kawaida, kwa ajili ya ugeni. Meza zote zikageuka kutazama. Fundi viatu alikuwa ameingia nyuma yao, ametafuta kiti kizuri. Fundi akachota, akainua kijiko, na akamtazama mkewe aombe msamaha kwa macho kabla ya mdomo kushindwa kazi.

Mama hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama sahani. Aliitazama kama mtu anayemwona stendi ndugu yake aliyepotea zamani, akiwa bado hajajua kama aite.

Fundi akashusha kijiko.

"Tajiri. Naomba Sahani ya Mtoto."

"Ya kufunga? Unampelekea mjukuu?"

"Ya kula hapa. Ni yangu."

Feni ikazunguka mara moja, ikasita.

"Siku ile uliniuliza makali," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini hoteli ilikuwa kimya. "Nilidhani unaniuliza ya kisu."

Tajiri akaitazama picha ukutani. Dirishani kwa jiko upawa ulianguka kwa kishindo. Dada Mkubwa, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumsikia akicheka, alikuwa ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, anacheka.

"Nilisema mimi! Nilikwambia, mtu gani anatoka kuangalia baiskeli mara tatu kwa sahani moja? Ukaniambia ni mwangalifu!"

Kicheko kilipotulia ndipo watu walipogundua kwamba sahani nyekundu haipo tena mbele ya fundi. Ilikuwa mbele ya mama. Alikuwa amefika nusu, amenyooka mgongo, jicho kavu kama jiwe la kunolea. Alichovya mkate, akatafuna, akamgeukia Dada Mkubwa.

"Tamu sana, dada. Pilipili mnatia baadaye?"

Fundi viatu alilazimika kwenda nje kuangalia baiskeli ya mwenzake.

Kuku mweupe akaja. Fundi aliogopa kidogo kumwonja, kwa sababu vitu vinavyopendwa kwa mbali vina tabia mbaya vikikaribia. Huyu hakuwa na tabia mbaya. Alikula nusu, kisha mama akamwambia kwa sauti ya chini:

"Ungeniambia tu."

"Ningeanzaje? Wewe uliacha kwa ajili yangu. Niliona aibu kukuambia kwamba mimi naila kwa ajili ya watu."

Mama alifikiri. "Mimi nimeacha ninachokipenda, wewe umekula usichokipenda, na hakuna aliyetuomba. Baba Watoto, sisi wawili akili zetu zingenolewa pia." Akamsogezea mkate wake. Ndiyo ilikuwa hukumu nzima.

Kopo likarudi kutoka kwa jirani, au tuseme mjukuu wa lile kopo, na sasa wanapika vyungu viwili. Visu havikupungua, wachinjaji waliona kwamba mtu aliyevumilia vile kwa sababu ya kutoelewana tu ana mkono wa kuaminika. Ukutani, juu ya jokofu la soda, mama amepigwa picha kando ya mumewe, kidole gumba juu, sahani tupu. Tajiri, mtu mwaminifu, alipanda kiti siku ya kuitundika ili abandue maandishi ya zamani, akisema hawezi kutundika uongo hotelini kwake.

"Yaache," fundi akasema, mdomo umejaa korosho. "Mtu asiyeishi bila makali. Uongo uko wapi?" Na akamwelekezea mke wake kijiko.

"Shusha hicho kijiko," mama akasema.

Akakishusha.