Moshi wa Mama Furaha na Kura ya Jumapili

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, meneja wa jengo alinikabidhi funguo za ghorofa moja pale Berea, Johannesburg, akaniambia: "Mzee, kikulacho ki nguoni mwako. Usimwamini hata anayekusalimia vizuri." Sikuhitaji kufundishwa. Sisi watu wa Kigoma tunazaliwa tukishuku.

Ninyi vijana mnadhani mtunza jengo ni mtu wa kufagia ngazi. Tulitengeneza gisa, yaani tangi la kuchemshia maji, tukazibua mabomba, tukasuluhisha ugomvi wa kamba za nguo. Jengo lenyewe liliendeshwa na bodi ya wakazi, kila nyumba kura moja. Mwenyekiti wake alikuwa Mkenya wa benki kule Sandton, mvaa tai hata Jumamosi.

Uchaguzi wa bodi ulipokaribia, akaja na sera ya mazingira: hewa safi, mbabula marufuku uani. Mbabula ni jiko la makaa, na mwenye nalo alikuwa mmoja tu, Mama Furaha, mjane wa Uvira aliyechoma samaki na kuwauzia wapita njia.

"Baba, hii moshi ndiyo inasomesha batoto yangu," aliniambia. "Bakiizima, nitaenda wapi?"

Iliniuma. Tena sera ile haikugusa braai, nyama aliyochoma Mwenyekiti mwenyewe juu ya paa kila wikendi. Nikamuuliza, moshi wake hauchafui hewa?

Akacheka. "Mzee wangu, hiyo ni kujiburudisha tu. Ile ya chini ni biashara."

Kisha akanipa tangazo la mkutano wa kura nilibandike mlangoni: Jumapili, saa nne asubuhi. Hapo nikanusa kitu. Wakongo na Warundi wa jengo letu, ambao ni wengi, saa hiyo wako kanisani, na kwao hakuna anayeondoka kabla mchungaji hajatoa baraka za mwisho. Wanatoka alasiri.

Nilimweleza Mama Furaha. "Siwezi kuacha ibada katikati, Baba. Mungu atatupigania."

Basi mimi Mwislamu nikaenda kwa mchungaji wao, nikamweleza habari ya saa ile. Naye akanishuku.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nampenda samaki wa Mama Furaha."

Jumapili ile Mwenyekiti alikwisha fungua mkutano mbele ya viti vitupu, uso umemchangamka, tukasikia ngoma kwenye ngazi. Waliingia wote, kwaya na majoho yao, wakiimba. Mchungaji akasimama mlangoni.

"Ibada haijaisha," akasema. "Baraka nitazitoa hapa hapa, kura ikishapigwa."

Nani angethubutu kutoka? Mikono iliyozoea kuinuliwa kwa sifa iliinuliwa kuikataa sera ile, kisha ikainuliwa tena kumweka Mama Furaha kwenye bodi. Mwenyekiti alibaki na kiti chake. Baraka zilipotolewa, yeye ndiye aliyetangulia kusema amina. Nikamshuku hata hapo.

Nilistaafu mwaka 2019, mbabula ikiwa bado inawaka, na Mwenyekiti akiwa mteja. Sijui alipanga saa ile kwa hila au kwa kutojua. Yeye anaapa hakujua. Lakini vijana, mkiletewa tangazo la mkutano, msianze na ajenda. Tazameni saa kwanza, kisha jiulizeni nani hataweza kuja.