Kuta za Kubomoa na Nyumba za Mtaa wa Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mwiko, timazi na rundo la matofali yaliyochakaa pembe. Nilikuwa nimeshuka kwa miguu kutoka kwetu Mbuji, nina cheti cha uashi, nikaja kuwa mwalimu msaidizi wa ujenzi katika chuo cha ualimu kilichokuwa kilimani, juu ya mji mdogo wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Wakati huo alitawala Mwingereza, na nchi nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kwa watu wetu wa Ruvuma, chuo kile kilikuwa ndicho kilele cha elimu.

Mkuu wa Chuo wa kwanza niliyemtumikia alikuwa Mzungu wa sauti ya chini, asiyependa kurudia neno. Alinipeleka kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana.

"Hapa wanafunzi watajenga kona ya nyumba," aliniambia. "Utaipima, utawapa alama, kisha wataibomoa. Matofali yasafishwe na kupangwa upya."

"Waibomoe yote, Bwana Mkuu?"

"Yote. Haya ni matofali ya kufundishia."

Basi nikafundisha hivyo. Niliwaonyesha vijana namna ya kupishanisha matofali ili kiungo cha kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, kisiangukie juu ya kiungo cha kozi ya chini yake. Niliwafundisha kuning'iniza timazi, ile kamba yenye risasi nzito mwishoni, waone kama ukuta umesimama wima au umelala. Tuliunganisha kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu saruji ingeshika na tusingeweza kubomoa. Kona zilipanda zikiwa zimenyooka, nzuri kabisa. Kila Ijumaa tulizishusha chini.

Chini ya kilima palikuwa na Mtaa wa Chini. Mtaa ule ulizaliwa na chuo. Waliokaa pale walikuwa wapishi wetu, wachota maji wetu, wafua nguo wetu, na akina mama waliotuuzia usipa, wale dagaa wa ziwani, na mihogo. Nyumba zao zilikuwa za matofali mabichi yaliyokaushwa juani, zimekalishwa juu ya mchanga bila msingi. Mvua ikinyesha, maji yote ya mabati ya chuo yalikusanyika kwenye mitaro yetu iliyojengwa vizuri, yakatoka getini, yakateremka moja kwa moja vibarazani mwao. Walipolalamika, waliambiwa maji huteremka kwa amri ya Mungu. Mungu hakuchimba mitaro ile. Ilichimbwa na chuo.

Masika moja, alasiri, mpishi alikuja mbio karakana kusema nyumba ya Mama Agnes imeanguka. Mama Agnes alikuwa mjane aliyefua mashuka ya mabweni yetu, akiishi na baba mkwe wake, Mzee Yohana, aliyekuwa amelala na homa siku hiyo. Niliteremka na nusu ya darasa tukiwa na majembe. Maji ya chuo yalikuwa yamekula ukuta kwa chini mpaka ukakaa kama mkate uliolowa, kisha ukamwangukia mzee kitandani. Tulipomfikia alikuwa ameshafariki. Mama Agnes alikaa kwenye matope, ameshika mguu wa mzee, akimfuta udongo kwa khanga.

Tuliporudi kilimani tukiwa tumelowa, nilikuta nusu ya pili ya darasa inasafisha matofali. Ilikuwa Ijumaa. Walikuwa wamebomoa kona yao, kona ambayo ingesimama miaka mingi, kwa kuwa ratiba ilisema hivyo.

Nilikwenda ofisini kwa Mkuu na nguo zangu za matope. Nilimwomba jambo moja tu: wanafunzi wajenge kona zao mtaani, ziwe kona za nyumba za watu, zisibomolewe.

"Bwana Ndunguru," akasema, "chuo hakijengi mji. Chuo kinafundisha."

"Kinawafundisha kwa ajili ya nani, Bwana Mkuu?"

"Kwa ajili ya Tanganyika."

"Tanganyika inaanzia hapo chini penye matanga."

Akaniambia nikabadilishe nguo nirudi darasani. Hakwenda mazikoni. Mashuka ya mabweni yaliendelea kupelekwa kwa Mama Agnes, aliyekuwa amehifadhiwa jikoni kwa jirani, naye akaendelea kuyafua. Mpaka leo nikikumbuka mashuka yale meupe yakining'inia juu ya kifusi, damu inanichemka.

Mkuu wa pili alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa askari wa zamani, amejenga madaraja vitani, anachechemea. Nilimweleza habari za Mtaa wa Chini na ombi langu. Alichukua fimbo yake tukateremka pamoja, akayafuata maji kuanzia getini mpaka kibarazani kwa watu. Akarudi uso mwekundu. "Kwanza tuyaondoe maji yetu," akasema. Tulichimba mtaro mwingine wa mawe uliozunguka mtaa na kuyapeleka ziwani.

Kisha akaomba baraza kwa Jumbe wa mji, tueleze mpango wa kujenga mtaani. Nilidhani tutashangiliwa. Mzee mmoja akauliza, "Mkishatujengea, kesho si mtasema nyumba ni za chuo, tuhame?" Sikuweza kumlaumu. Kilima chenyewe kilikuwa mashamba yao kabla ya chuo kufika.

Ndipo Mama Agnes akasimama. "Shikamooni, wazee wangu. Mwalimu, mimi sitaki nyumba ya sadaka. Sadaka ina mwenyewe. Leteni darasa lenu hapa na sisi tuwe wanafunzi. Mkiondoka, mikono yetu ibaki na kazi."

Wazee wakaitikia. Hivyo ndivyo darasa la uashi lilivyoteremka kilimani. Tulijenga tanuru la kuchomea matofali kando ya kijito. Kila mwanafunzi alipewa mtu mzima mmoja wa mtaani wa kumfundisha. Nyumba ya Mama Agnes ilitangulia, juu ya msingi wa mawe. Mtaa ulianza kubadilika hata kwa macho. Watu waliokuwa wamehamia kwa ndugu zao Kihagara walirudi. Palifunguliwa duka, kisha mgahawa, na walimu ambao hawakuwahi kuteremka walianza kwenda kunywa chai.

Mkaguzi wa Elimu alipokuja kutahini wanafunzi hakukuta kona uwanjani. Tulimpeleka mtaani, akasimama mbele ya ukuta mpya, akaweka timazi.

"Nani amejenga hapa?"

"Mimi, bwana," akajibu Mama Agnes. "Kijana yule ndiye aliyenifundisha."

Mkaguzi akamgeukia Mkuu kwa hasira. "Sasa alama nimpe nani?"

"Mpe kijana," Mkuu akasema. "Hapa tunafundisha walimu."

Mkaguzi alizitoa zile alama, lakini alikwenda na manung'uniko yake. Mkuu wa pili alipohamishwa, alikuja wa tatu na maagizo kutoka juu: kazi ya mtaani ikome, kwa madai kwamba wanafunzi wanageuzwa vibarua. Vibarua! Wakifagia nyumba za walimu hawakuitwa vibarua. Darasa likarudishwa uwanjani, tukarudi kujenga na kubomoa. Nilipinga, nikahamishiwa shule ya kati Litumbandyosi, baadaye Songea, ambako nilifundisha uashi mpaka nywele zikawa nyeupe.

Miaka mingi baada ya Uhuru nilipita pale. Mtaa wa Chini ulikuwa na soko la matofali ya kuchoma, zahanati na kanisa dogo, vyote vimejengwa na Mama Agnes na wenzake, na watoto wao. Hakuna hata kozi moja iliyojengwa na chuo tangu tuondolewe.

Sasa nimestaafu, nalima kahawa yangu Mbuji. Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu, na likizo iliyopita alinieleza kwa ufasaha jinsi miji inavyofufuliwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwuliza mtaa ulio nyuma ya bweni lao unaitwaje.

"Sijui, babu," akasema.

"Na anayekupikieni?"

Hakulijua jina lake. Nilimwambia akirudi chuoni, kabla hajafungua kitabu, akaulize hayo mawili.