Gari Linalotaka Shikamoo

Jamani, leo nimelikosea adabu gari!

Nimelinunua jana kwa mzee mmoja wa Buhongwa. Aliliagiza Japani miaka ya tisini, watu waliporuhusiwa kujiingizia magari. Akinipa ufunguo akasema, "Asubuhi ulisalimie kwanza."

Nikacheka. Utani wa wazee.

Leo asubuhi Mama keshakaa pembeni yangu na gauni la kanisani, tunawahi kipaimara cha mjukuu wake kule Bujora. Nawasha. Linakohoa, linazima. Mara tano!

Jirani akafunua boneti atafute plagi za cheche azisafishe. Hakuna hata moja.

Kumbe ni dizeli, injini isiyotumia plagi hizo! Na mimi nilikuwa naenda kulijaza petroli.

Nikampigia mzee, nimefura.

"Umelisalimia?"

"Mzee, sina muda wa utani!"

"Geuza ufunguo nusu. Taa ya njano ikiwaka, sema shikamoo, usubiri injini ipate joto. Taa ikizimika, limekuitikia. Washa."

Nikageuza. "Shikamoo," nikanong'ona kwa aibu.

"Marahaba," akaitika Mama. "Nilidhani leo umenisahau."

Taa ikazimika. Likawaka mara moja!

Sasa niambieni, aliyeniwashia gari leo ni nani?