Pale Do Inapokwaruzana na Re

Mwanangu, kuna Jumamosi moja haijawahi kunitoka kichwani, na wiki hii nyinyi na hizo spika zenu mmenirudisha huko. Nilikuwa nimekaa nyuma kanisani nikiwasikiliza mkifanya mazoezi ya ule wimbo wa Kilatini wa Ijumaa Kuu. Mkaongeza sauti mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Halafu ukaja kuniuliza mimi bibi yako, "Cucu, mbona hausisimui mtu?" Haya, kaa hapa nikuambie. Na hiyo simu weka mfukoni, haitoroki.

Wimbo ni huo huo tuliouimba sisi, hapa hapa Eldoret, nikiwa msichana wa umri wako, mke wa Kiprop, na mtoto wa kwanza bado mgongoni. Aliyetufundisha ni Mama Tabitha, mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye sauti ndogo ambaye hata wazee wa kanisa walimwogopa. Alituandikia do re mi ubaoni, kila sauti na mstari wake. Mimi nilikuwa alto, Kiprop alikuwa teno.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo swali lako liko. Kabla tu ya Amina, besi wanashuka kwenye so na kukaa hapo. Sisi alto tunaingia kwenye re. Lakini teno bado wameshikilia do waliyotoka nayo kwa neno la nyuma, na do na re ni majirani wa ukuta mmoja. Zikiimbwa pamoja zinakwaruzana. Halafu teno wanateremka polepole mpaka ti, na kanisa zima linapumua. Ni hapo tu.

Na hapo ndipo tulipokuwa tunaharibu kila wiki. Teno wakisikia ule mkwaruzo, wanateremka mbio kama watu wanaokimbia mvua. Sisi alto tukiusikia, tunapunguza sauti, tukidhani tumekosea. Wimbo unapita hapo vizuri, laini, na hauna maana yoyote.

Nyumbani kwangu nako kulikuwa na mambo. Kiprop alikuwa amemwahidi mama yake, kule Ainabkoi, kwamba tutahamia kwake. Mimi sikuambiwa. Nilisikia sokoni, kwa binamu yake, tena akinipa hongera! Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza moja hapo mjini, na wateja nimewatafuta kwa jasho. Mimi ni mtoto wa watu wa duka wa Turbo, Kikalenjin cha kina Kiprop nilikijua cha salamu tu. Nihamishwe kama kabati? Wee!

Basi nikanyamaza. Najua kununa, mwanangu, hilo sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nampakulia githeri, naweka sahani mezani, nageuka. Siku nikijaribu kufungua mdomo, yeye anachukua koti. "Sawa, umeshinda," anasema, na mlango huo. Nimeshinda nini, na ameondoka? Nikatuma habari kwa mama yangu Turbo, akanijibu nirudi na mtoto. Nguo zetu nilikuwa nimeshazipanga kwenye sanduku chini ya kitanda. Jumapili baada ya ibada ningepanda gari niende, na Kiprop hakujua.

Jumamosi ndiyo ikafika, mchana, mvua imetoka tu kuacha mabati. Mama Tabitha alitusimamisha pale pale, tena na tena, mpaka akatupa chaki chini.

"Kiprop. Wambui. Kujeni hapa mbele."

Nikatoka kwenye mstari wa alto. Akatusimamisha uso kwa uso, karibu hivi, ningeweza kumshika kola.

"Muangaliane," akasema. "Besi, nipeni so."

Besi wakaanza kuvuma. Kiprop akaimba do yake, mimi nikaingia na re, na hata sijavuta sauti vizuri, mwenzangu ameshateremka.

"Unakimbia nini?"

"Ni kama tunakosea, Mama."

"Hamkosei. Imeandikwa iume. Rudieni."

Tukarudia. Safari hii Kiprop alishikilia, mimi ndiye nikaanza kupungua, kupungua, mpaka ikabaki pumzi tu. Mama Tabitha akanigeukia.

"Na wewe, unamnunia? Sasa yeye atateremka kutoka kwa nini, kama wewe haupo?"

Haki, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mlio wa kicheko ukatoka kwa soprano, ukakatwa katikati. Watu walijua, mwanangu. Mji ni mkubwa lakini kwaya ni ndogo.

"Sasa," akasema, akiinua mkono juu, "hakuna anayetoka mpaka huu mkono ushuke. Na msipige kelele. Polepole."

Kiprop akaanza. Nikaingia. Zile sauti mbili zikagusana, nikasikia mtetemo mpaka kwenye meno. Mkono haukushuka. Nikamkazia macho, nikasema moyoni, wacha avunjike yeye kwanza. Nilikuwa na hasira, na yote niliiweka kwenye ile re: Ainabkoi, cherehani yangu, yule binamu na hongera zake. Mkono bado uko juu. Mshipa wa shingo ya Kiprop ulikuwa umetoka, jasho linamtiririka na baridi ile yote, na hakuteremka. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekiona wiki hizo zote, kwa sababu sikuwa nimemtazama. Alikuwa anaogopa. Mwanaume mzima, macho yamejaa maji, anaogopa kitu ambacho si mimi.

Mkono ukashuka. Kiprop akateremka mpaka ti, taratibu, na mimi nikabaki nimesimama kwenye re yangu, haichubui tena mtu. Mmoja wa besi akasema, "Woi." Hakuna aliyepiga makofi.

Mama Tabitha akaokota chaki yake. "Mnafikiri nguvu ya wimbo iko kwa makelele," akatuambia wote. "Iko hapo ambapo kila mtu anatamani kutoka, na hatoki. Mkiufuta ule mkwaruzo, hiyo ti ikifika haimponyi mtu, ni sauti tu kama zingine. Nyinyi watu wa adabu mtaniulia wimbo."

Tulitembea kurudi nyumbani Kiplombe kwenye matope, Kiprop amembeba mtoto. Tulipofika kwenye mashamba ya mahindi nikasema, "Siendi Ainabkoi. Na kesho nilikuwa naenda Turbo na mtoto."

Akasimama. Nikaona mdomo unaanza lile neno lake.

"Usiniambie sawa!" nikapiga kelele. "Ukiniambia sawa, Kiprop, sitarudi kamwe."

Watu waliokuwa wakipeleka maziwa walipita wakigeuza shingo. Kiprop aliangalia barabara mbele, akaangalia nyuma, nikajua anatafuta pa kwenda. Hakwenda. Tulisimama hapo kwenye matope mpaka mtoto akaanza kulia, na ndipo akasema, "Mama haoni tena, Wambui. Amenikataza nisimwambie mtu. Anapika kwa kupapasa, ameshajichoma mkono."

Nililia, kwanza kwa hasira, halafu kwa huruma, halafu hasira ikarudi. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa. Nikaona heri nimwahidi kwanza."

"Ningekataa kuhama. Nani alikuambia ningemkataa mama yako?"

Usidhani tulikumbatiana hapo, hapana, tuligombana mpaka mlangoni, na kesho yake tukaendelea. Lakini Jumapili hiyo sanduku lilibaki chini ya kitanda. Mama yake tulimleta sisi Kiplombe, akaishi nasi mpaka Mungu alipomwita, na Kikalenjin changu chote amenifundisha yeye, kwa kunisahihisha kila sentensi. Ijumaa Kuu tuliimba bila spika hata moja, na niliona watu wameshika viti vya mbele yao kwa mikono miwili.

Kiprop ametutoka mwaka juzi, unajua. Wiki hii mlipofika pale kabla ya Amina, mimi kule nyuma nikaishika re yangu kimya kimya, nikangoja. Hakuna aliyekuja kunikwaruza. Ningetoa chochote, mwanangu, agombane nami tena pale barabarani.

Kwa hivyo zimeni spika. Waambie teno wasiteremke mapema, waambie alto wasijifiche, na wewe unayeongoza usishushe mkono kwa sababu umeona watu wanaumia. Na yule unayempenda akikukwaza, usichukue koti, na usinune kama mimi. Kaa hapo, mwangalie machoni, sema lako, usikie lake, hata kama linakukata. Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, akupe na mtu wa kusimama mbele yako asiyekimbia, na mteremke pamoja.