Ujumbe wa Sekunde Tatu

Miaka ishirini na sita mama huyu amekaa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, na jina lake halisi wengi walishalisahau. Wanamwita Mama Faili. Enzi za makaratasi alikuwa akichomoa faili lako kabla hujamaliza kukohoa. Ana desturi moja, aliyofundishwa na bosi wake wa kwanza: ukishaandika, weka kalamu chini, mtazame mgonjwa usoni, mpe pole, mwonyeshe mlango wa kwenda. Wapo wanaoapa kwamba walianza kupona palepale dirishani, ingawa hao ni watu wa kutia chumvi.

Kompyuta zilipoletwa hakuzinunia. Alijifunza kuchapa kwa vidole viwili, na siku ya mafunzo aliandika kwenye daftari lake: ukiona ujumbe wa kijani, imeshika, usipouona, rudia.

Basi akawa anarudia. Haukupita muda wagonjwa wakawa na namba mbilimbili; majibu ya maabara yanaingia kwenye namba hii, daktari anafungua ile. Zote zilitoka kwenye dirisha lake. Mkuu wa zahanati, ambaye si mtu mbaya ila ana haraka, akamwambia mambo yasipobadilika kufikia Ijumaa atahamia stoo, akapange glavu na bandeji. Mama Faili aliitikia kwa adabu, akaenda kunywa maji. Glavu haziambiwi pole. Nyumbani mumewe alipomuuliza ana nini, alisema amechoka tu.

Fundi wa mfumo wa kompyuta, binti mdogo mwenye maneno machache, alikuwa ameujaribu mara kumi kwenye meza yake bila kuona kosa. Ukibonyeza Hifadhi, unapelekwa kwenye ukurasa mwingine, na juu yake unatokea ujumbe wa kijani: Mgonjwa amesajiliwa. Sekunde tatu, umepotea. Wenzake walishatoa hukumu kwamba ni uzee huo. Yeye akaona heri akajionee. Jumatano akavuta kiti, akaketi pembeni ya Mama Faili asubuhi nzima.

Mzee mmoja alifika na mguu uliovimba. Mama Faili akamwandika, akabonyeza Hifadhi, akainua uso. Akampa pole, akamwonyesha mlango wa tatu, akangoja mpaka aishike fimbo yake sawasawa. Aliporudisha macho kwenye kioo cha kompyuta, alikuta fomu tupu, hakuna kijani wala rangi yoyote. Akaguna, akaanza kumwandika mzee upya.

"Mama, mbona unarudia?"

"Haijashika, mwanangu. Si mlisema wenyewe, nisipoona kijani nirudie?"

Fundi akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mafunzo yale aliyatoa yeye, na zile sekunde tatu alizipanga yeye.

Alhamisi alishinda akirekebisha. Sasa ujumbe ulitaja jina la mgonjwa, na haukuhesabiwa sekunde tena: ukihama ukurasa, nao unahama nawe, unakaa pale juu mpaka uubonyeze mwenyewe kuwa umeuona.

Ijumaa mkuu alikuja kusimama nyuma ya kiti cha Mama Faili, mikono mfukoni. Alibaki hapo hadi saa sita. Hakuna mgonjwa aliyepata namba mbili. Akamgeukia fundi, akamuuliza kwa sauti ya chini huyu mama alikuwa na tatizo gani.

"Mama hakuwa na tatizo, mkuu. Sisi tuliujaribu mfumo ofisini, na mbele yetu hakukuwa na mgonjwa."

Mkuu akakohoa kidogo, akasema habari ya stoo iishie hapo.

Mama Faili alisikia, na machozi yakamlenga, lakini hakugeuka. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye mtoto anayechemka homa. Akabonyeza Hifadhi, akampa pole, akamwonyesha mlango, akamsindikiza kwa macho mpaka akaingia. Ndipo akarudi kwenye kioo. Ujumbe ulikuwa bado unamngoja.